Walaji Udongo wa Wodi ya Nne

Mlezi alinigeuka katikati ya kesi ya mbuzi. Mlalamikaji alikuwa bado anaeleza jinsi mbuzi wa jirani yake alivyomaliza kabichi za shamba zima, nikaona macho ya watu wote yamehamia kwenye mkono wangu wa kushoto. Kibandiko kilichokuwa kijani tangu asubuhi kilikuwa kimegeuka chekundu.

"Mheshimiwa," karani wangu alinong'ona kwa sauti ya msibani, "watakuja kukuchukua."

"Wakija watanikuta nafanya kazi," nilimjibu. Nikasikiliza kesi hadi mwisho, mbuzi akaonekana ana makosa, mwenye mbuzi akaamriwa kulipa fidia. Nilipotoka nje ya mahakama ya Tukuyu, gari la Nyumba ya Utulivu lilikuwa limeshafika, mlango wazi, halina dereva, linaniita kwa jina langu kamili: Tusekile.

Siku ile sikubisha, na sababu niiseme mapema. Mama yangu alikufa kwa kifafa cha mimba. Nilikuwa mtoto, lakini si mdogo kiasi cha kusahau jinsi alivyokakamaa kitandani huku shangazi zangu wakimshika miguu na kumwita, naye hasikii. Kwa hiyo Mlezi, mashine ya kulinda wajawazito inayowekwa kila nyumba, alipoletwa, nilikuwa wa kwanza kushangilia. Kila mjamzito akabandikwa chombo chake mkononi. Chombo kinaonja damu, kinatafuta masalia ambayo mwili huyaacha unapochoma mafuta na sukari. Kondo la mtoto likianza kukosa damu ya kutosha, masalia hayo hubadilika wiki nyingi kabla presha haijapanda, na Mlezi huyaona. Ukiwa mwekundu, unapelekwa Nyumba ya Utulivu, na ikifika wiki ya thelathini na nne unapasuliwa, mtoto anatolewa kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Hata mwizi wa kuku ana haki ya kukata rufaa. Mwenye kibandiko chekundu hana.

Wodi ya nne tulikuwa wanawake wanane. Upande wa pili wa ua kulikuwa na chumba cha watoto njiti, na mchana kutwa tuliwaona waliokwisha kupasuliwa wakivuka ua na vikombe vyao vidogo vya maziwa. Wengi walirudi wakitabasamu. Juma lile mmoja alirudi amebeba khanga iliyokunjwa vizuri, haina mtu ndani. Mapafu ya mtoto, wakasema, hayakuwa yamekomaa. Yule mama hakulia. Alituuliza kama kuna mtu amebakiza chai.

Upasuaji wangu ulipangwa kufanyika Jumamosi.

*

Ijumaa asubuhi ilinyesha mvua. Mvua ya Tukuyu haina adabu, inaingia bila hodi, lakini safari hii ilikuwa imetukalia mbali kwa wiki nzima, na vumbi la ua lilikuwa jingi. Matone ya kwanza yalipogonga ardhi, harufu ikapanda na kuingia dirishani. Mate yakanijaa mdomoni. Nikageuka kuwatazama wenzangu, nikaona shingo zote zimenyooka kuelekea dirishani, pua zimetanuka.

Nimekaa kwenye kiti cha hakimu miaka mingi. Namjua mtu anayetamani kitu anachokikana.

"Nani hapa anakula udongo?" niliuliza.

"Ah, hapana, Mheshimiwa," wakajibu karibu kwa pamoja. "Udongo? Sisi?"

Kosa lilikuwa langu. Swali la namna hiyo hata malaika angelikana. Nikakaa kitandani kwangu, nikatoa kipande changu ndani ya soksi, nikakimega na kutafuna taratibu bila kumtazama mtu.

"Huu ni wa Masoko," nikasema. "Wa kwenu mnautoa wapi?"

"Masoko?" Bupe aliruka kama aliyetukanwa. Ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, fundi cherehani, mcheshi, mimba ya kwanza. "Wa Masoko una mchanga! Wa kwetu Kiwira unayeyuka wenyewe—" Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Wodi ikaangua kicheko. Hapo ndipo vipande vilipoanza kutoka: chini ya mito, kwenye pindo za khanga, ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Wakabishana kuhusu ladha kama wanaume wanavyobishana kuhusu mpira. Wote wanane, mimi nikiwamo. Hakuna hata mwekundu mmoja asiyekula udongo.

Nikaacha kutafuna.

"Mlezi akikuuliza nyumbani kama unakula udongo," nilimwuliza Bupe, "unamjibuje?"

"Namwambia sili."

"Kwa nini?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu huvaa nguo. "Mheshimiwa, Mlezi amewekwa sebuleni. Anauliza kwa sauti kubwa. Baba mkwe yuko barazani na redio yake. Nimjibuje?"

Asiye wa kwetu atacheka. Sisi tuna magari yasiyo na dereva na tuna vibandiko vinavyoonja damu, lakini mwanamke wa Kinyakyusa hakai chumba kimoja na baba mkwe wake, hamtazami usoni, hatamki jina lake. Mimi niliyewafunga majambazi, nikimwona baba mkwe wangu njiani huingia migombani nikajificha hadi apite, na yeye hukohoa mbali makusudi ili anipe nafasi. Jina lake hamtalisikia kwangu hata hapa. Sasa mtu kama huyo ndiye asikie habari za tumbo langu na tamaa zake? Bora kusema uongo. Tulisema uongo, wilaya nzima, kila mmoja nyumbani kwake, na kila mmoja alidhani ni peke yake.

*

Dakta Ambakisye Mwasandube, mkuu wa Nyumba ya Utulivu, ni mtu mwema. Ningependa awe mbaya ili nimchukie kwa raha. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Nimehisi tangu masika," akasema.

"Umehisi nini hasa? Nieleze kama unavyomweleza mtu wa mahakamani."

"Udongo hunasa vitu tumboni. Vijidudu vya utumbo hubadilika, na masalia yao kwenye damu hubadilika pia. Mlezi alipofundishwa, wagonjwa wake walitoka huku kwetu milimani. Wazima wa kulinganisha walitoka sehemu ambazo watu hawali udongo. Alipouliza, wagonjwa wote walimjibu hapana. Basi akaona alama mbili zinatembea pamoja, ya ugonjwa na ya udongo, akadhani ni alama moja."

"Kwa hiyo sasa akiona udongo anaona kifafa."

"Mara nyingi. Si mara zote."

"Na umekaa kimya."

"Nimekaa kimya, na makaburi yamepungua!" Alisimama. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Zamani tulizika mama mjamzito karibu kila mwezi. Sasa mwaka unapita. Nikitangaza kwamba Mlezi anakosea, kesho kila mwanamke atabandua chake na kukitupa chooni. Wazima watabandua, na wagonjwa wa kweli watabandua. Heri nipasue kumi bure kuliko kuzika mmoja. Mama yako alikufa kwa nini, Tusekile?"

Alijua kunigonga penye kidonda. Nje, yule mama wa khanga iliyokunjwa alikuwa anasubiri gari la kumrudisha kwao.

"Yule pale," nikasema hatimaye. "Yuko kwenye hesabu yako ya kumi au ya mmoja?"

Akakaa, akasogeza kiti karibu na meza.

"Wewe nitakutoa," akasema polepole. "Nitaandika kibandiko kilikuwa kibovu. Uende zako leo, ujifungue miezi ikitimia."

Nitasema kweli: moyo uliruka. Mwanangu alikuwa anacheza tumboni wakati ule ule, na nilijua anahitaji wiki chache tu mapafu yake yaive. Mlango ulikuwa nyuma yangu.

"Nikimwachia mshtakiwa mmoja kwa sababu ananifahamu," nikasema, "na saba nikawafunga kwa sababu hawanifahamu, mimi ni hakimu wa aina gani? Sitoki peke yangu. Na kesho sipasuliwi. Ukitaka, nifunge kamba."

"Basi unataka nini? Niwatangazie wabandue?"

"Nataka uwapime."

"Sheria inasema kipimo cha presha si ushahidi mbele ya Mlezi."

"Inasema si ushahidi. Haisemi ni dhambi."

Akafungua kabati la chini mwenyewe, akatoa mashine ya presha ya zamani, ile ya kufunga mkononi na kupuliza kwa kubonyeza mpira. Vumbi lake lilitufanya tupige chafya wote wawili.

*

Niliwaeleza wenzangu kwamba Mlezi anatudanganya, kisha Nesi Mbutolwe akatupima mchana kweupe, mlango wa wodi ukiwa wazi. Alikuwa mkunga tangu kabla ya Mlezi, na mikono yake haikuwa imesahau. Mia moja na kumi kwa sabini. Mia moja na kumi na nane kwa sabini na tano. Mkojo safi. Mwingine safi. Nilipopimwa mimi nilifumba macho, maana mama yangu alikuwa amesimama mbele yangu waziwazi. Nilipofumbua, Nesi alikuwa anatabasamu.

Wanawake wakaanza kupiga vigelegele. Mmoja alishaanza kubandua kibandiko chake kwa kucha.

"Bado mmoja," alisema Nesi.

Bupe alikuwa anafunga begi. "Mimi msinisumbue, naenda kwetu," akasema huku akihangaika kuingiza mguu kwenye kiatu. Kiatu hakikuingia. Mguu ulikuwa umevimba hadi kifundo kimezama. Sijui tulikuwa tunatazama wapi siku zote zile.

Nesi alimpima, akanyamaza. Akapima tena mkono wa pili. Akaenda na mkojo, akarudi na kijiti kimebadilika rangi hadi mwisho. Mia moja sabini na mbili kwa mia moja na kumi na mbili. Protini tele.

Vigelegele vikakatika.

"Hiyo mashine imezeeka," Bupe alisema.

"Bupe, mdogo wangu, hutaweza kuondoka," nikasema.

"Umetuambia mwenyewe Mlezi ni mwongo! Asubuhi hii hii! Hakimu gani anageuza hukumu hata chai haijapoa?"

"Hakimu aliyeletewa ushahidi mpya. Kwetu saba amekosea. Kwako amepatia."

"Ninakula udongo kama ninyi!"

"Unakula kama sisi, na unaumwa peke yako."

Alishika begi lake kifuani. Wengine wote walinitazama, na niliona swali machoni mwao: kama mmoja ni kweli, je, sisi? Nilihisi kila nilichokijenga tangu asubuhi kinabomoka. Ilinitosha kuikunja ile karatasi ya vipimo, nimwambie Bupe maneno matamu, tutoke nje wote wanane tukiimba. Na hilo ndilo Daktari alilokuwa analiogopa. Nilikasirika kuona kwamba alikuwa na sababu ya kuogopa.

Sikumwuliza kama kichwa kinamuuma. Nilijua angejibu hapana.

"Kichwa kimeanza lini?" nikauliza.

Aliweka begi chini. "Jumatano. Na nikigeuka naona vimulimuli, mchana huu huu. Niliogopa kusema. Nilidhani wataniwahisha kisu."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema Nesi Mbutolwe, lakini kwa upole, huku anamvua kiatu kile cha pili.

Nikamsimulia Bupe habari za mama yangu. Sikupamba wala sikupunguza. Nilimwambia kwamba naye aliona vimulimuli, akasema ni uchovu. "Sikulazimishi," nikamalizia. "Mimi nimekataa kulazimishwa, na wewe unaweza kukataa. Ila usikatae kwa sababu ya maneno yangu ya asubuhi. Kataa kwa kile unachokijua sasa."

Alilia kidogo, akajifuta kwa pindo la khanga. "Utaingia nami?"

Dakta Mwasandube alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. "Vifaa vilivyoandaliwa kwa ajili ya Mheshimiwa kesho," alisema, "tutavitumia leo."

Niliingia naye. Alipigwa ganzi ya mgongoni, akanibana mkono hadi vidole vikafa. Mtoto wa kike alitoka mdogo kama paka, akafungua kinywa, akalia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa bila sababu.

"Huyo ni wangu kabisa," Bupe akasema.

*

Daktari alinieleza yaliyobaki. Yeye hawezi kumrekebisha Mlezi. Iliamuliwa hivyo ili madaktari wasihongwe. Mlezi hujifunza kwa majibu ya wajawazito wenyewe, kwa sauti zao wenyewe. Aliyeko Nyumba ya Utulivu hujibu Jumapili, saa ya wageni, kwenye sebule kubwa, mbele ya familia yake, ili mtu asimjibie mwenzake. Upasuaji wangu aliusogeza hadi Jumatatu. Zaidi ya hapo sheria haikumruhusu.

"Jumatatu nitakuwa nimeshasema," nilimwambia. Nilijifanya jasiri. Usiku nilijaribu kulitamka lile jibu peke yangu shukani, sauti haikutoka.

Jumapili sebule ilijaa mama wakwe na chupa za chai. Waume walisimama ukutani. Baba wakwe, kama desturi, waliketi nje kwenye baraza, wametupa mgongo, wanatazama mashamba ya chai. Madirisha yalikuwa wazi. Wangu alikuwa wa tatu kutoka nguzo, koti lake refu, mwavuli magotini.

Wenzangu sita walijikusanya nyuma yangu. "Mheshimiwa, anza wewe," mmoja akanisukuma.

Nikapiga moyo konde, nikasimama mbele ya kile kisanduku cha Mlezi.

"Karibu, mama," kikasema kwa ile sauti yake ya kusikika nyumba ya tatu. "Je, unakula udongo, majivu, au kitu kingine kisicho chakula?"

Miguu yangu ilitaka kwenda migombani. Nikaikatalia.

"Nakula udongo," nikasema, na nikapaza sauti makusudi ili isije ikadaiwa sikusikika. "Kila siku, tangu mimba ikiwa changa. Presha yangu ni mia moja na kumi na mbili kwa sabini na mbili. Mimi si mgonjwa. Andika."

Mama mkwe wangu aliangusha kifuniko cha chupa. Kule barazani mazungumzo yalikatika. Niliona mabega ya baba mkwe yamekauka, na nikasubiri ainuke aende zake, maana hivyo ndivyo mwanamume wa heshima angefanya, na baada ya hapo nisingeingia tena nyumbani kwake.

Hakuinuka. Alifungua mwavuli. Hapakuwa na tone la mvua, na baraza lina paa. Aliuweka begani, ukasimama kati ya mgongo wake na dirisha letu kama ukuta, akaendelea kutazama chai.

Wa pili alisogea. "Nakula udongo." Mwavuli mwingine ukafunguka barazani. Wa tatu alisema huku analia, wa nne alisema huku anacheka, na kila mmoja alipomaliza tuliusikia mwavuli wa baba mkwe wake ukifunguka nje. Asiyekuwa na mwavuli alijifunika koti kichwani. Hakuna aliyeondoka.

Mlezi alimaliza kuandika jibu la saba. "Majibu yanapingana na kumbukumbu," akasema. "Maamuzi ya wodi ya nne yamesimamishwa hadi yapitiwe upya. Endelea."

Wanawake wakanikumbatia. Mimi nilikuwa namtazama Dakta Mwasandube, ambaye hakuwa anafurahi.

"Amesikia saba wanaokula, na saba wazima," akaninong'oneza. "Unajua atajifunza nini? Kwamba kila anayekula ni mzima. Mheshimiwa, huo ni uongo mkubwa kama ule wa kwanza, na huu utaua."

Alisema kweli. Nilijua dawa yake, na ilikuwa imelala chumba cha pili na kidonda cha siku mbili. Sikuwa na uso wa kwenda kumwomba.

Mlango wa ndani ulisukumwa. Nesi Mbutolwe aliingia akisukuma kiti cha magurudumu huku anagomba. "Nimemkataza. Nimemkataza mara tatu. Anasema nisipomleta atatambaa."

Bupe alikuwa amevaa khanga yake nzuri. Uso bado umevimba, dripu inaning'inia juu yake. Mama mkwe wake alinyanyuka kumzuia, naye akanyoosha kiganja tu, yule mama akakaa.

"Nisogeze," alimwambia Nesi. Akafikishwa mbele ya kisanduku.

"Karibu, mama. Je, unakula udongo, majivu, au kitu kingine kisicho chakula?"

"Nakula udongo wa Kiwira," Bupe akasema, na sauti yake ikatoka dirishani hadi barazani. "Na niliumwa kweli, kichwa kikanipasuka, nikakaa kimya karibu nife. Sikia vizuri wewe. Wenzangu saba walikula na hawakuumwa. Mimi nilikula na niliumwa. Andika vyote viwili."